Debe moja na nusu: shule inavyoweza kulinda uzito wa mtoto wa Bonde la Kilombero

Ukitaja uzito wa watoto kwenye mkutano wa wazazi hapa kwetu, kuanzia Kidatu mpaka Mlimba, wengi wanawaza jambo moja tu: unene. Na wengi wanaufunga mjadala hapohapo kwa kusema unene ni shida ya Dar es Salaam, sisi watoto wetu wanatembea, wanalima, wanachota maji. Ni kweli wanatembea. Lakini uzito unaofaa una pande mbili. Kwenye darasa moja hapa Ifakara unaweza kumkuta mtoto ambaye shati la shule linamning'inia kwa sababu hali vya kutosha, na dawati la nyuma yake yupo mwenzake ambaye kila mwaka anashonewa sare mpya kwa sababu kiuno kimezidi. Wote wawili wanahitaji msaada, na ukiangalia vizuri utaona kwamba mambo yanayomsaidia mmoja yanamsaidia na mwingine.

Tuanze na takwimu chache za taifa. Utafiti wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba watoto 34 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, maana yake ni wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta wameshuka hadi 30 katika kila 100. Tumesogea, ila bado ni karibu mtoto mmoja kati ya watatu. Wale waliopimwa mwaka 2015/16 leo ndio wako kwenye madawati. Upande wa pili, tafiti hizohizo za taifa zinaonyesha wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi waliongezeka kutoka 22 katika kila 100 mwaka 2010 hadi 28 mwaka 2015/16. Hao ndio mama na dada wa watoto hawahawa. Mtoto aliyedumaa utotoni, halafu ukubwani akaanza kula vya mafuta na sukari huku akikaa muda mwingi, ana hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari na shinikizo la damu. Kwa hiyo pande hizi mbili zinaweza kukutana ndani ya mtu mmoja.

Macho hayatoshi, pima

Sisi tumezoea kupima afya ya mtoto kwa macho. Akinenepa tunasema nyumbani kwao mambo mazuri. Akikonda, minong'ono inaanza, na wengine wanakwenda mbali mpaka kutaja magonjwa. Macho yanadanganya. Mtoto wa miaka 10 aliyedumaa anaonekana kama wa miaka 7 mwenye afya njema kabisa, mpaka uulize umri wake.

Shule inahitaji vitu viwili: mizani na futi iliyobandikwa ukutani. Mtoto anavua viatu, anasimama visigino vikiwa vimegusa ukuta, anasomwa urefu, kisha anapanda mizani. Wataalamu wanachukua kilo zake wanagawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtoto wa miaka 10 mwenye kilo 30 na urefu wa mita 1.35 anapata 16.5 hivi. Kwa mtu mzima namba hiyo ni wembamba wa kutisha, kwa sababu mtu mzima anatakiwa asiwe chini ya 18.5. Kwa mtoto wa miaka 10 ni sawasawa kabisa. Ndiyo maana mwalimu asitumie vipimo vya watu wazima kwa watoto. Zipo chati za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2007 kwa ajili ya umri wa miaka 5 hadi 19, za wavulana peke yake na za wasichana peke yake, na afisa lishe wa halmashauri au muuguzi wa zahanati anaweza kumwelekeza mwalimu namna ya kuzisoma.

Hata bila chati, daftari la kawaida linatosha kuanzia. Mtoto wa miaka 6 hadi 10 kwa kawaida huongezeka kilo 2 hadi 3 kwa mwaka, na urefu sentimita 5 hadi 6. Ukipima mara mbili kwa mwaka, tuseme Machi na Agosti, utaona nani amesimama palepale, nani ameshuka na nani amepanda ghafla. Nimetaja Machi na Agosti kwa sababu ya kalenda yetu ya kilimo, nitaielezea hapa chini.

Jambo moja kwa walimu: uzito wa mtoto usisomwe mbele ya darasa. Majina ya "bonge" na "kimbaombao" yanaanzia hapo, na mtoto akishapewa jina hilo anaweza kuacha kula na wenzake, kuacha kucheza, hata kuanza kutoroka siku za michezo. Apimwe pembeni, iandikwe, na mzazi ndiye aambiwe.

Wapo ambao hawafai kusubiri kipimo cha pili. Mtoto aliyepungua uzito na ana kikohozi cha wiki mbili au zaidi apelekwe akapimwe kifua kikuu. Anayekonda huku anakunywa maji sana na kukojoa mara kwa mara apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo akapimwe kisukari, maana kisukari cha watoto kinaua haraka. Mwenye miguu iliyovimba asiitwe mnene, huenda ni utapiamlo mkali. Na mtoto anayekula udongo, anayechoka upesi na viganja vyake vimepauka, huenda amepungukiwa damu. Katika bonde letu malaria, minyoo na kichocho vyote vinachangia hilo. Siku ya dawa za minyoo na kichocho shuleni, watoto wale kwanza kabla ya kumeza dawa za kichocho. Zinasumbua sana tumbo tupu.

Njaa katikati ya mpunga

Mtu wa mbali akisikia Kilombero anafikiria mchele. Anajua mchele wa Ifakara unapakiwa kwenye malori usiku na mchana. Hajui kwamba miezi ambayo mpunga uko shambani unachanua ndiyo miezi ambayo ghala la nyumbani limekauka.

Msikilizaji wa huku unaijua kalenda hii kuliko mimi. Desemba na Januari tunaandaa mashamba na kupanda. Februari na Machi palizi. Aprili na Mei kuamia ndege. Kuanzia Mei mwishoni mpaka Julai mavuno. Mashamba mengi yako mbali, bondeni, kwa hiyo baba na mama wanahamia huko, wanajenga kibanda, wanakaa miezi. Mtoto wa shule anakuwa na njia mbili. Ama anahamia shamba na wazazi, anakosa masomo. Ama anabaki kijijini na bibi, au na kaka wa darasa la sita ambaye ndiye mpishi, ndiye mlezi, ndiye mwanafunzi. Nyumba ya namna hiyo inapika mara moja kwa siku, jioni, wali au ugali na chumvi na mboga kidogo ikipatikana. Asubuhi mtoto anakwenda shule bila kitu tumboni, na anarudi saa tisa alasiri hali bado hajala.

Mbaya zaidi ni mpunga unaouzwa ukiwa bado kijani. Familia ikiishiwa mwezi wa Machi inachukua fedha kwa mfanyabiashara na kuahidi magunia wakati wa mavuno, kwa bei ambayo kila mtu anajua si bei. Mavuno yakifika, sehemu yao imeshaondoka. Mwaka unaofuata wanaanza tena na ghala dogo.

Kwa hiyo ukimpima mtoto wa Namwawala au Mchombe mwezi wa Machi, unapima njaa ya msimu. Ukimpima Agosti, unapima baada ya mavuno. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo habari ambayo kamati ya shule inatakiwa kuipeleka kwenye mkutano wa kijiji.

Hesabu ya sufuria

Chakula cha mchana shuleni ndicho kitu kimoja chenye nguvu kuliko vingine vyote. Kinamwinua mtoto mwembamba, na kinampunguzia yule mnene sababu ya kukimbilia maandazi na soda saa nne. Serikali imeendelea kusisitiza, na mwaka 2020 ulitoka mwongozo wa kitaifa wa huduma ya chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimumsingi. Elimu bila malipo iliyoanza Januari 2016 iliondoa ada na michango ya lazima, lakini Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka huo uliacha chakula cha mwanafunzi wa kutwa mikononi mwa mzazi. Wengi wetu tulisikia neno "bila malipo" tukaishia hapo.

Sasa tupige hesabu, maana ugomvi mwingi unatokana na watu kutojua ni kiasi gani kinahitajika. Chukua gramu 120 za mahindi, gramu 30 za maharage na gramu 5 za mafuta kwa mtoto mmoja kwa siku. Hicho ni chakula cha mchana cha wastani, kinampa mtoto wa miaka 10 karibu theluthi moja ya nguvu anayohitaji kwa siku nzima. Mwaka wa masomo una siku 194. Zidisha. Mtoto mmoja anahitaji mahindi kilo 23 na kitu, maharage kilo 6, na mafuta lita moja hivi.

Gunia la kilo 100 la mahindi ni kama debe sita. Kwa hiyo mahindi ya mtoto mmoja kwa mwaka mzima hayafiki debe moja na nusu. Kwa wale wanaopenda wali, kilo hizohizo za mchele zinatoka kwenye mpunga wa kilo 36 hivi, chini ya nusu gunia.

Najua mtu atasema: "Dada mtangazaji, mimi nina watoto wanne shuleni, hizo debe sita nazitoa wapi?" Ni swali la haki kabisa. Debe sita mwezi wa Machi hazipo. Mwezi wa Julai, mpunga ukiwa uwanjani, ni jambo linalozungumzika. Hapa ndipo naona shule nyingi zinapokosea: mchango wa chakula unajadiliwa Januari shule zinapofunguliwa, wakati mzazi amemaliza fedha kwenye sare na madaftari, ghala limeisha, na yeye mwenyewe yuko njiani kwenda shamba. Anaitikia kwenye mkutano kwa aibu, halafu hatoi. Shule inapika wiki tatu, inaacha. Uamuzi huo ufanyike Mei, ukusanyaji uwe Juni na Julai, palepale mashine ya kukobolea ilipo au ghalani, kwa mtendaji wa kijiji na kamati kusimamia kwa pamoja. Chakula cha Februari kinaamuliwa Julai.

Shule ya watoto 600 itahitaji magunia 140 ya mahindi na magunia 35 ya maharage. Hayo hayakai kwenye ofisi ya mwalimu mkuu. Pawepo stoo yenye vichanja, magunia yasiguse sakafu wala ukuta, mahindi yakauke vizuri kabla hayajaingia. Bonde letu lina unyevu mwingi, na mahindi yenye unyevu yanaota ukungu unaoleta sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na kuipika hakuiondoi. Mifuko isiyopitisha hewa inasaidia dhidi ya dumuzi bila kuweka dawa.

Ndani ya sufuria nako kuna la kusema. Makande ya mahindi na maharage ni chakula kizuri kuliko sifa yake. Uji wa sembe wenye sukari unashibisha saa moja, basi. Uji ukiwa wa dona, ukachanganywa na karanga au soya iliyosagwa, hiyo ni habari nyingine. Mchele mweupe sana umepoteza virutubishi vyake kwenye pumba, kwa hiyo wali peke yake kila siku hautoshi hata kama sahani imejaa. Weka mboga. Hapa kwetu matembele, kisamvu, mlenda, majani ya maboga na mchicha ni vya kuokota ukilinganisha na mijini, na shule zilizo chini ya milima ya Udzungwa, upande wa Mang'ula na Kisawasawa, zina mito inayowezesha bustani hata kiangazi. Dagaa waliosagwa wakimwagwa kwenye makande hawaonekani, ila kazi yao inaonekana. Msimu wa samaki, kambale au perege mara moja kwa wiki. Na embe baada ya chakula linausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga, wakati chai ya rangi inayazuia. Chai ikae mbali na mlo.

Kuna suala la kuni pia. Serikali imeagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kuachana na kuni na mkaa, kuanzia mwaka 2024. Shule nyingi za vijijini bado zina mafiga matatu nyuma ya darasa. Hilo liingie kwenye bajeti ya halmashauri, tusimwachie mzazi wa Idete abebe na mtungi wa gesi juu ya debe lake.

Je, mtoto ambaye mzazi wake hakutoa? Yapo maeneo ambako anaambiwa akae darasani au chini ya mwembe wakati wenzake wanakula. Mimi napinga. Mara nyingi huyo ndiye mtoto mwembamba kuliko wote, ndiye ambaye daftari la uzito lilikuwa linamtafuta. Deni ni la baba na mama, lidaiwe kwa baba na mama, kwa mtendaji, kwa kazi za mikono kama kuchota maji na kulima bustani ya shule kama nafaka haipo. Kila mtoto aliyefika shuleni apate sahani. Na kamati iongeze kidogo kwenye hesabu yake, tuseme magunia kumi kwa kila mia, kwa ajili ya wajane na wazee wanaolea wajukuu.

Watu wanatoa pale wanapoamini. Ubandikwe ubaoni, nje, kila mwezi: magunia yaliyoingia, yaliyopikwa, yaliyobaki. Mpishi apewe kipimo, bakuli moja linalojulikana, ili mkono usiwe mwepesi leo na mzito kesho. Huko Brazili, sheria ya mwaka 2009 ilitaka angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zinunue mazao ya wakulima wadogo. Sisi tumezungukwa na mazao hayo. Shule za sekondari zinazokusanya fedha badala ya nafaka zinaweza kununua kwenye chama cha ushirika cha kata yao mwezi Julai, bei ikiwa chini, badala ya kununua kwa kilo dukani mwezi Machi.

Pale getini

Saa nne kengele ikilia, watoto wenye mia mbili na mia tano wanakimbilia getini. Kuna vitumbua, maandazi, mihogo ya kukaanga, barafu za rangi, juisi za pakiti, pipi, miwa, soda kwa wenye uwezo. Baadhi ya watoto wa mjini, wanaoletwa na bodaboda na kurudishwa na bodaboda, wanamaliza mlo wao mkubwa wa siku hapo.

Soda ya chupa ya mililita 350 ina sukari gramu 35 hivi, karibu vijiko tisa vya chai. Mtoto wa miaka minane, kwa ushauri wa Shirika la Afya Duniani, asizidishe kama gramu 40 za sukari ya kuongeza kwa siku nzima, pamoja na ile ya chai na uji. Chupa moja imemaliza. Barafu na juisi za rangi ni maji, sukari na rangi. Chile ilipiga marufuku mwaka 2016 kuuza ndani ya shule vyakula vilivyozidi sukari, chumvi na mafuta.

Sisi tusianze na marufuku. Wale wauzaji ni mama zetu, wengi wana watoto palepale shuleni, na hiyo biashara ndiyo inayonunua daftari. Ukiwafukuza wanahamia mita hamsini, wanaendelea. Mwalimu mkuu na kamati wakae nao chini, kwa heshima, wakubaliane: ndizi mbivu, embe, papai, mihogo na viazi vya kuchemsha, mahindi ya kuchoma, karanga, mayai ya kuchemsha. Vitumbua viendelee, si kila siku. Soda na barafu za rangi zisiuzwe saa za masomo. Kwa kubadilishana, shule iwape sehemu yenye kivuli na maji ya kunawa, na wageni wasioelewana na kamati wasiruhusiwe kuuza. Mama muuzaji akipata wateja walewale kwa ndizi kama kwa pipi, hana sababu ya kugoma.

Na maji. Mtoto ambaye shuleni hakuna maji salama ya kunywa atanunua barafu, utamlaumu vipi? Ndoo yenye koki na kikombe cha kila mtoto, maji yametiwa dawa au yamechemshwa, hiyo inapunguza sukari na kipindupindu kwa mpigo.

Kipindi cha michezo kisiliwe na hesabu

Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji angalau saa moja kwa siku ya kuhangaisha mwili mpaka apumue kwa kasi. Mtoto anayetembea kilomita tatu kwenda shule na kurudi, akachota maji, akaenda shamba Jumamosi, amelipa deni hilo na zaidi. Huyu haitaji mazoezi ya ziada. Anahitaji chakula kinacholingana na kazi anayofanya, na mwalimu asimzungushe uwanja kama adhabu akiwa hajala.

Wanaokosa ni wengine. Wa darasa la nne na la saba, ambao ikikaribia mitihani wanakaa tangu alfajiri hadi jioni, kipindi cha michezo kimegeuzwa cha hesabu. Wasichana, ambao wakifika darasa la sita wanaanza kukaa pembeni, mara kwa sababu ya aibu, mara kwa sababu sketi haifai kukimbilia, mara kwa sababu siku zake zimefika na shule haina pa kujisitiri. Na watoto wa bodaboda niliowataja. UMITASHUMTA ni nzuri, inatupa vipaji, lakini inachukua wale ambao tayari wanaweza. Kinachohitajika kwa afya ni kila mtoto kucheza: rede, kombolela, kuruka kamba, chandimu, ngoma za asili. Dakika 30 kabla ya masomo kuanza na 30 kabla ya kwenda nyumbani, mwalimu akiwa uwanjani naye, hazigharimu chochote. Mpira wa makaratasi unatosha.

Mtoto aliyezidi uzito asinyimwe chakula

Nimeliacha hili hadi hapa kwa sababu ndilo linaloharibiwa zaidi. Mzazi akiambiwa mtoto wake amezidi, siku hiyohiyo anamkatia mlo. Usifanye hivyo. Mtoto bado anakua. Mara nyingi hahitaji kupunguza kilo hata moja. Akibaki kwenye uzito uleule kwa mwaka huku urefu ukiongezeka sentimita tano au sita, mwili unajiweka sawa wenyewe. Apewe maharage, mboga, samaki, matunda kama wenzake. Kinachopunguzwa ni soda, juisi za pakiti, vya kukaanga vya kila siku, na kile kijiko cha tatu cha sukari kwenye chai. Atembee kwenda shule kama ni karibu na njia ni salama. Nyumba nzima ibadilike naye, maana huwezi kumzuia mtoto soda huku baba anafungua chupa mbele yake. Kama uzito unaendelea kupanda, zungumza na daktari.

Na mtoto mfupi aliyedumaa asilazimishwe kula wali mwingi ili "arefuke". Urefu uliopotea kwenye zile siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili, hauletwi na wingi wa wanga darasa la tano. Unaishia kwenye kitambi. Anachohitaji ni mlo mchanganyiko, hasa anapobalehe, kipindi ambacho mwili unapata nafasi ya kukua tena kwa kasi.

Kwa wanakamati wanaosoma makala haya kwenye simu: kuanzia mwaka 2017 wakuu wa mikoa wanasaini mikataba ya lishe inayoshuka hadi halmashauri na kata, na chakula cha shule kimo ndani yake. Maana yake unapokwenda kwa mtendaji wa kata kuomba mizani, mafunzo ya mwalimu wa afya au msaada wa stoo, huombi fadhila. Peleka barua yenye idadi ya wanafunzi, magunia yanayohitajika na vipimo vya Machi. Afisa lishe yuko halmashauri, Mji wa Ifakara na Mlimba vilevile. Wa Ulanga na Malinyi, ng'ambo ya mto, mna wenu. Mkutano wa wazazi uitishwe kabla ya Mei haijaisha, na kama wengi bado wako mashambani, kamati iwafuate hukohuko.